Vistari vya Shaba: Kijana na Bodi Yake ya Saketi

Wazazi wa Pwani wenye watoto wanaosoma Nyeri hutuuliza, likizo inapofika, ni kitu gani kinachomkalisha kijana mbele ya kompyuta hadi usiku wa manane akichora vistari vyekundu na vya buluu. Si lazima uwe mchezo. Yamkini anasanifu bodi ya saketi. (Tusemapo kijana, twakusudia binti na mvulana sawasawa.)

Huko aliko ameona mengi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kina kiwanda cha chipu ndani ya uwanja wake, na watafiti wake wameunda vifaa vya bei nafuu vya kupimia kina cha mto Muringato. Kifaa hushusha juu ya maji sauti isiyosikika na sikio, huhesabu muda wa mwangwi kurudi, kisha hupeleka habari kwa redio. Aliyekiona kifaa hicho atashindwaje kutamani kuunda kipimo cha tangi la nyumbani, mama asije akagundua alfajiri, wakati wa kutawadha, kwamba maji yamekwisha?

Kazi huanzia kwenye bodi ya majaribio, ambako waya huchomekwa na kuchomolewa bila kulehemu, na kosa halina gharama. Saketi ikishafanya kazi, huchorwa kwa programu kama KiCad, iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa mwaka 1992 na ambayo hutolewa bure. Kwanza huonyeshwa kipi kimeungana na kipi. Kisha kila kipande hupewa mahali pake na njia zake za shaba, njia za umeme mkubwa zikiwa pana zaidi.

Programu hukagua njia zilizogusana. Lakini haijui kila kitu. Transista za BC547 na PN2222 zafanana kwa umbo, ilhali miguu yake imepangwa kinyume. Mchoro ukifuata moja na dukani ikapatikana nyingine, programu itaridhika na bodi haitafanya kazi. Na viwanda vya ng'ambo aghalabu havipokei agizo la bodi moja, huanzia tano. Kosa moja basi hurudiwa mara tano, kwa fedha ya nyumbani, baada ya majuma ya kungoja.

Hapa mzazi asiyejua umeme ana nafasi yake. Wanafunzi wa elimu ya dini wanaifahamu mukabala: mmoja asoma nakala ya asili, mwingine afuata kwa kidole katika nakala mpya. Bodi nayo ifanyiwe vivyo hivyo. Mchoro uchapwe karatasini kwa kipimo chake halisi, vipande viwekwe juu yake, itazamwe kama miguu yaingia na kama matundu ya skrubu yalingana na kisanduku. Kisha mama asome namba za miguu kutoka karatasi ya maelezo ya kila kipande, na kijana aonyeshe kila mguu kwenye mchoro. Saa moja yatosha.

Bodi zikifika, asilehemu kwenye meza ya kulia chakula. Waya wa kulehemu mara nyingi una madini ya risasi, basi dirisha liwe wazi, watoto wadogo wawe mbali, na mikono ioshwe. Alehemu bodi moja tu, aanze na sehemu ya umeme, aipime kwa mita kabla ya kuweka chipu. Zile nne zingoje kabatini hadi ya kwanza ithibiti.