Kilimo cha krisanthemumu katika bustani za Kilosa na Mikumi

Krisanthemumu ni mimea ya maua ya jenasi Chrysanthemum katika familia Asteraceae, ambayo ni familia ya alizeti. Inayopandwa sana bustanini ni Chrysanthemum × morifolium, chotara iliyoanzia China, ambako maua haya yamelimwa kwa zaidi ya miaka 2000. Jina lilitolewa na Linnaeus mwaka 1753 kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya “dhahabu” na “ua”, ingawa leo kuna aina nyeupe, za waridi, za zambarau na nyekundu iliyoiva. Kinachoonekana kama ua moja ni kichwa chenye maua madogo mengi yaliyosongamana.

Katika Afrika ya Mashariki vipandikizi vya mmea huu huzalishwa kibiashara hasa kwenye maeneo yenye ubaridi kiasi, kama Arusha, na vilevile nchini Uganda, kisha husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Kilosa na Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro, ni habari nyingine. Miji yote miwili iko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari na ina joto. Hata hivyo maua haya yanaweza kupandwa huko, mkulima akielewa mambo mawili: urefu wa usiku na majira.

Usiku mrefu na taa ya barazani

Krisanthemumu huhesabu saa za giza. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Marekani, walieleza kwamba mimea mingi huchanua kufuatana na urefu wa mchana na usiku, na krisanthemumu ni ya kundi linalochanua usiku unapokuwa mrefu. Aina nyingi hufunga matumba pale mchana unapopungua chini ya saa 13 na nusu hivi. Ulaya hali hiyo huja majira ya kupukutika majani, na ndiyo sababu Wafaransa huyaweka makaburini tarehe 1 Novemba.

Kilosa iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana wake ni takriban saa 11 na dakika 45 mwezi Juni, na saa 12 na nusu mwezi Desemba. Kwa mmea huu, basi, kila usiku wa Kilosa ni mrefu. Matokeo yake mche hufunga matumba ungali mfupi kama kiganja, ukatoa maua machache, na mwenyewe akalaumu udongo au mbegu. Kosa haliko huko.

Dawa yake ni taa. Balbu ya kawaida ikining'inizwa mita moja na nusu juu ya tuta na kuwashwa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, mmea huona kama usiku umekatwa vipande viwili vifupi, nao huendelea kutoa majani na shina. Baada ya wiki nne taa huzimwa, na maua huchanua wiki 7 hadi 10 baadaye kutegemea aina. Kinyume chake pia ni kweli: mmea uliopandwa chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha unaweza kurefuka mwaka mzima bila kuchanua.

Majira

Joto likizidi nyuzi 30 mchana, na usiku nao ukiwa wa joto, matumba huchelewa na rangi hufifia. Kwa hiyo maua yalengwe kipupwe, Julai na Agosti. Vipandikizi vikatwe mwanzoni mwa Aprili, vihamishiwe tutani mwanzoni mwa Mei, na taa izimwe mwanzoni mwa Juni. Anayetaka maua ya Krismasi atafute ua jingine.

Kupanda na kutunza

Vipandikizi bora ni machipukizi yanayotoka chini ya mmea mama, si shina lililokwisha kuchanua. Hukatwa ncha ya sentimita 7 hadi 10, majani ya chini huondolewa, na kuchomekwa katika mchanga wa mto uliooshwa na kumwagiwa maji ya moto, kisha ukapoa. Vikiwekwa kivulini na kunyunyiziwa maji, hutoa mizizi kwa wiki mbili hadi tatu.

Kandokando ya mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi, udongo mwingi ni tope zito linalotuamisha maji. Mizizi ya krisanthemumu huoza hapo, hivyo tuta liinuliwe sentimita 20 au zaidi na kuchanganywa samadi iliyooza vizuri. Nafasi ni sentimita 30 kati ya mche na mche. Mche ukifikia majani sita, ncha hukatwa kwa kucha ili matawi yatoke. Maji yamwagwe shinani asubuhi, si juu ya majani.

Vidukari na utitiri ndio wasumbufu wakubwa wakati wa kiangazi. Maji ya sabuni yenye nguvu ndogo yakinyunyizwa chini ya majani huwapunguza. Utomvu wa mmea huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Krisanthemumu si pareto

Wako wanaopanda krisanthemumu dirishani wakiamini kwamba hufukuza mbu. Imani hiyo hutokana na pareto (Tanacetum cinerariifolium), ambayo zamani iliwekwa katika jenasi Chrysanthemum. Sumu ya kuua wadudu iko katika maua ya pareto, na hutumika baada ya kukaushwa na kusagwa au kukamuliwa kiwandani, kama inavyofanyika Mafinga mkoani Iringa. Pareto yenyewe huhitaji baridi ya nyanda za juu ili ichanue, hivyo haifai Kilosa. Krisanthemumu ya bustani haimzuii mbu kuingia ndani, na katika wilaya yenye malaria familia inayoacha chandarua kwa kutegemea maua hujiweka hatarini.