Kuchagua Vyuo Vikuu vya Marekani: Yafaa Ijulikane Kwanza Nani Atalipa

Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki waliomaliza masomo ya sekondari kwa alama nzuri hutamani kwenda Marekani kutafuta shahada. Tamaa hiyo si mpya. Katika mwezi wa Septemba, mwaka wa 1959, ndege iliondoka Nairobi kwenda New York ikiwa imechukua wanafunzi 81, kwa juhudi za marehemu Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani. Na katika miaka iliyofuata mamia ya wengine walisafiri kwa mpango huo huo. Habari za ndege hiyo zimesimuliwa mara nyingi. Jambo lisilosimuliwa sana ni mahali walipokwenda wanafunzi hao. Wengi hawakuingia katika vyuo vyenye majina makubwa. Waliingia palipopatikana nafasi pamoja na msaada, yaani katika vyuo vidogo vya makanisa, vyuo vya Wamarekani weusi, na vyuo vya miji midogo ambayo hata Wamarekani wenyewe hawaijui vizuri.

Mmoja wao alikuwa marehemu Wangari Maathai. Mwaka wa 1960 alifika Mount St. Scholastica, chuo cha watawa wa Kibenedikto katika mji wa Atchison, Jimbo la Kansas. Alipata shahada yake ya biolojia mwaka wa 1964, akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya pili, akaimaliza mwaka wa 1966. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Udogo wa chuo cha Atchison haukumzuia.

Siku hizi mambo hufanywa kinyume. Mwanafunzi akiulizwa ataomba wapi, hutaja Harvard, Yale, Princeton na Stanford, kisha hunyamaza. Vyuo hivyo vina sifa ya haki. Lakini orodha yenye majina ya namna hiyo tu ni orodha mbaya kwa sababu mbili. Kwanza, Harvard hupokea watu wasiofika 5 katika kila waombaji 100, na wale 95 wanaokataliwa si wajinga. Wengi wao walikuwa wa kwanza katika shule zao. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, sifa ya chuo haimwambii mzazi nani atalipa.

GHARAMA YENYEWE

Katika vyuo vingi vya watu binafsi vilivyo mashuhuri, gharama ya mwaka mmoja, yaani karo, chumba, chakula, vitabu na bima ya afya, imepita dola 80,000. Kwa kiasi cha shilingi 129 kwa dola, kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya mwaka wa 2025, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 10 za Kenya, na shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Mzazi akiuza shamba kwa shilingi milioni 3 atapata kama dola 23,000. Fedha hizo hazitoshi hata nusu ya mwaka wa kwanza katika chuo cha namna hiyo, na shamba halipo tena.

Wako wanaodhani kwamba kijana akishafika atajilipia kwa kufanya kazi. Sheria ya viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi katika chuo chake tu kwa mwanzo, wala isizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kazi hiyo hutosha sabuni, simu na nguo za baridi. Mikopo na misaada ya Serikali ya Marekani nayo ni kwa raia wake na wakazi wa kudumu, mgeni hapewi. Kwa hiyo fedha za mgeni hutoka katika mfuko wa chuo chenyewe, au kwa mfadhili, au nyumbani kwao.

JINSI VYUO VINAVYOMTAZAMA MGENI ASIYE NA FEDHA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na yafaa pasomwe polepole.

Viko vyuo vichache ambavyo kamati yao ya kupokea wanafunzi haitazami mfuko wa mwombaji, hata akiwa mgeni. Humpima kwa masomo na tabia yake. Akikubaliwa, chuo huhesabu jamaa zake waweza kulipa kiasi gani, kisha hutoa sehemu yote iliyobaki. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimekuwa na desturi hiyo kwa muda mrefu. Dartmouth na Bowdoin vilitangaza kuifuata mwaka wa 2022. Katika vyuo hivi umaskini haumpunguzii mtu nafasi. Lakini kwa kuwa dunia nzima inajua habari hiyo, mlango wake ni mwembamba mno.

Kisha viko vyuo vingi zaidi, hasa vile vidogo vyenye wanafunzi elfu mbili au tatu, ambavyo hutoa msaada kamili kwa mgeni waliyemkubali, ila vina fungu maalumu la fedha kwa kila mwaka. Fungu likiisha, hakuna zaidi. Kwa hiyo mwombaji anayehitaji dola 70,000 hushindana si kwa nafasi tu bali na kwa fungu hilo, na akiwa sawa kwa masomo na mwenzake anayehitaji dola 20,000, huenda mwenzake akachukuliwa. Hilo si siri. Vyuo vyenyewe hulisema wazi. Hata hivyo ni katika vyuo hivi ambamo kijana maskini mwenye akili aweza kupata nafasi ambayo hakuifikiria, maana majina yake hayajulikani vijijini, na waombaji wake ni wachache kuliko wa Harvard.

Baadhi ya waombaji hujaribu kukwepa ushindani huo. Huandika kwamba hawahitaji msaada wowote, wakitumaini kuuomba wakishafika. Huo ni mtego. Vyuo vingi havimpi msaada baadaye mgeni ambaye hakuuomba alipoingia, na mwanafunzi hujikuta katika mwaka wa pili hana karo wala njia ya kuipata.

Sehemu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ina vyuo vikuu vya majimbo. Vyuo hivi vilianzishwa ili viwahudumie wananchi wa majimbo hayo, na fedha zake za msaada huwaelekea wao. Mgeni hulipa karo ya mtu wa nje, ambayo aghalabu ni mara mbili au tatu ya ile ya mwenyeji. Baadhi ya vyuo hivi, pamoja na vyuo vingine vya watu binafsi, humpunguzia mgeni karo kwa ajili ya alama zake, na barua yao huita punguzo hilo udhamini. Tuseme barua inakuja nyumbani kwa kijana: amepewa udhamini wa dola 20,000 kila mwaka. Jirani wanakusanyika, chai inapikwa, mchungaji anaitwa. Ndipo mtu mmoja anapouliza jumla ya gharama ni kiasi gani, na inaonekana ni dola 55,000. Zimebaki dola 35,000, nazo ni za kila mwaka. Barua ya namna hiyo haina udanganyifu. Msomaji ndiye aliyeanza kuisoma katikati. Hesabu ya kwanza ni jumla ya gharama, ya pili ni fedha zisizorudishwa zinazotolewa na chuo, na tofauti ya hizo mbili ndiyo bei ya chuo hicho kwa jamaa hiyo.

Chuo kimoja ni cha namna yake peke yake. Berea, katika Jimbo la Kentucky, kilianzishwa mwaka wa 1855 na watu waliopinga utumwa. Hakitozi karo kwa mwanafunzi yeyote, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni kwa saa 10 au zaidi kwa juma. Wageni kinaowapokea kila mwaka ni wachache sana, lakini wanaopokelewa hupewa msaada wa kutosha.

MASOMO ANAYOYATAKA

Baada ya fedha huja masomo, na hapa makosa ya kawaida ni mawili. Kosa moja ni la wale wanaotaka udaktari. Katika Marekani mtu haingii shule ya udaktari akitoka sekondari. Husoma kwanza shahada ya kwanza kwa miaka minne, kisha huomba upya shule ya udaktari, ambayo ni miaka minne mingine. Na shule hizo huwapokea wageni kwa nadra, na fedha za kuwasaidia ni haba. Kijana ambaye hataki kingine ila udaktari angefikiri vema kuusomea Nairobi, Kampala au Dar es Salaam.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila chuo hufundisha kila elimu. Amherst na Bowdoin, pamoja na utajiri wao, havitoi shahada ya uinjinia. Lakini vyuo vidogo vya Swarthmore na Lafayette huitoa, na hali kadhalika Smith, ambacho ni chuo cha wanawake. Anayetaka uinjinia na akaomba asipotazama hilo amepoteza ada na insha. Kwa asiye na hakika ya masomo yake, desturi ya Marekani ina faida kwake, maana katika vyuo vingi mwanafunzi hachagui somo kuu mpaka mwisho wa mwaka wa pili.

Mambo ya mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ni mengine kabisa. Katika masomo mengi ya sayansi anayekubaliwa kwa shahada ya udaktari wa falsafa huondolewa karo na hulipwa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, kwa hiyo yeye huchagua mwalimu kwanza kuliko chuo.

KUANDAA ORODHA

Vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kwa njia ya fomu moja ya mtandaoni iitwayo Common Application, ambayo humruhusu mtu kuchagua vyuo visivyozidi 20. Hapana haja ya kufika huko. Kila chuo huweza kudai insha zake, na insha 30 zilizoandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho hazimfai mtu. Vyuo 8 mpaka 12 vyatosha: viwili au vitatu vya wale wasiotazama mfuko, sehemu kubwa ya vile vidogo vyenye fungu, na kimoja au viwili ambavyo bei yake ingewezekana hata kama msaada ni mdogo. Chuo Kikuu cha nyumbani nacho kimo katika orodha, wala si aibu. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, na vingi huisamehe kwa mwombaji asiyeweza kulipa. Ni lazima aombe msamaha huo.

Wakati una shida yake. Tarehe za mwisho za vyuo vingi ni siku za mwanzo za Januari, na za maombi ya mapema ni tarehe 1 Novemba au karibu yake. Kwa Kenya, mtihani wa KCSE hufanywa mwishoni mwa mwaka, na katika miaka ya karibuni matokeo yametoka mwezi wa Januari. Kwa sababu hiyo wengi huomba mwaka unaofuata, na hutumia miezi ya kungoja kwa mtihani wa SAT, ambao MIT ilianza kuudai tena mwaka wa 2022, na Dartmouth na Harvard vilitangaza hivyo mwaka wa 2024. Kuhusu maombi ya mapema, yako yale yanayomfunga mtu: akikubaliwa na msaada ukitosha, hana budi kwenda huko na kuondoa maombi mengine yote. Asiweke ahadi hiyo mtu ambaye angependa kulinganisha barua mbili.

Ushauri wa bure hupatikana Nairobi katika ofisi ya EducationUSA, kwenye Ubalozi wa Marekani, Gigiri. Ipo pia mipango ya kuwaandaa wanafunzi: KenSAP, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, na Zawadi Africa kwa wasichana, iliyoanzishwa na Susan Mboya, binti yake Tom Mboya. Mtu yeyote adaiye fedha nyingi kwa ahadi ya nafasi ng'ambo aulizwe maswali mengi. Mwaka wa 2023 wazazi wa Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Baadhi yao walikuwa wameuza ardhi.

Majibu ya vyuo hutoka kuelekea mwisho wa Machi, na mwanafunzi hutakiwa kujibu kabla ya tarehe 1 Mei. Ndipo chuo humpelekea hati iitwayo I-20, ambayo haitolewi ila na chuo kilichoidhinishwa na Serikali ya Marekani, na ambayo huonyesha gharama ya mwaka wa kwanza na mahali fedha zitakapotoka. Ofisa wa viza huitazama hati hiyo kwa makini. Sheria za viza hubadilika: katika mwezi wa Juni 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo lililozuia viza za masomo kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, kwa hiyo habari za mwaka jana zisitegemewe. Ada ya kuandikishwa kwa mwanafunzi mgeni iliwekwa kuwa dola 350 mwaka wa 2019, na ada ya viza dola 185 mwaka wa 2023. Fedha hizi hazirudishwi hata viza ikikataliwa, na aghalabu, pamoja na nauli ya ndege, hazimo katika msaada wa chuo. Mzazi yampasa aanze kuziweka akiba kabla majibu hayajatoka.