Mzizi Mtamu Una Soko, Lakini Uluguru Wana Gome Lao

MOROGORO. Mwenye mtaji mdogo anayetafuta zao la kupanda nyuma ya nyumba huvutiwa upesi na jina geni. Mojawapo ya majina hayo ni urukususu, mzizi mtamu ambao watu wa pwani waliupokea pamoja na jina lake kutoka kwa Waarabu. Misri hutengenezewa kinywaji cha Ramadhani, Ulaya hutiwa katika peremende, na viwanda vya sigara vya Marekani vimekuwa wateja wake wakubwa kwa miaka mingi. Utamu wa kiungo chake kikuu hukadiriwa kuwa mara 30 hadi 50 ya ule wa sukari.

Kwa maelezo hayo peke yake, mtu anaweza kudhani kwamba kilichobaki ni kununua mbegu. Mfanyabiashara makini, hata hivyo, huuliza mambo matatu kabla ya kufungua mkoba: zao litakaa ardhini muda gani, nani atalinunua, na ardhi ni ya nani. Yafuatayo ni majibu ya maswali hayo kwa bustani iliyoko katika Milima ya Uluguru.

MBEGU NA SUBIRA YAKE

Mbegu ya urukususu ina ganda gumu. Hukwaruzwa kwa msasa au hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa saa 24, kisha hufukiwa kina cha sentimita moja hivi. Huchukua wiki mbili au zaidi kuota, na miche huwa dhaifu katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana wakulima wengi wa zao hili hupanda vipande vya mizizi badala ya mbegu.

Mavuno huja baada ya miaka mitatu hadi minne. Katika muda huo wote hakuna cha kuuza, kwa sababu mali yenyewe imefichwa ardhini. Na mmea huu kwao ni nchi zenye jua kali, mvua chache na majira ya baridi: Iran, Uzbekistan, Afghanistan, Uturuki, China na kusini mwa Italia. Hupenda udongo wa kichanga ulio na kina kirefu usiotuamisha maji.

Sasa tazama Uluguru. Miteremko ya mashariki, kuanzia Kinole na Tegetero hadi Matombo na Tawa, hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mahali pengine mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mzizi unaochukia maji utaoza. Hata ukipona, kuuvuna ni kuchimba shimo refu katika mteremko mkali, na mvua ya masika itakayofuata itaushusha udongo huo mtoni.

Wanunuzi nao wako mbali. Hakuna gulio la Morogoro lenye bei iliyozoeleka ya mzizi huu. Masoko ya nje nayo yana masharti: kwa kuwa kiungo chake kikizidi mwilini hupandisha shinikizo la damu na kupunguza madini ya potasiamu, Jumuiya ya Ulaya iliweka mwaka 2004 sharti la onyo kwenye vifungashio vya peremende zenye kiasi kikubwa cha urukususu.

Wapo watakaosema kwamba mtipitipi, ambao majani na mizizi yake ni mitamu, unaota wenyewe vichakani na unaweza kuuzwa badala yake. Hiyo si biashara ya kujaribu. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu kali ya kuua. Mchuuzi atakayechanganya bidhaa hiyo na vyakula anauza hatari.

MALI ILIYOKO TAYARI

Wakati mwekezaji anatafuta mbegu ya mbali, bustani za Uluguru zina mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki, zikiwa zimechanganywa na migomba, mafenesi na mananasi. Hizi ndizo bidhaa ambazo mnunuzi kutoka Dar es Salaam, umbali wa kilomita 190 hivi kutoka mjini Morogoro, anazifahamu kwa jina na kwa harufu.

Mdalasini na karafuu huoteshwa kwa mbegu, lakini mbegu zake hazina subira. Zikikaa siku chache baada ya tunda kuiva hupoteza uhai. Anayenunua mbegu kavu za karafuu zilizofungwa katika pakiti ananunua hasara. Mbegu huokotwa mbichi, huondolewa nyama ya tunda, husiwa mara moja kivulini. Ya mdalasini huota kwa wiki tatu hivi, ya karafuu kwa wiki nne hadi sita. Pilipili manga hupandwa kwa vipandikizi vya mti uliokwisha kuzaa vizuri, ukiegemezwa kwenye mti hai.

Tofauti kubwa ni muda wa fedha kurudi. Pilipili manga na iliki huanza kutoa kitu kama mwaka wa tatu. Mdalasini hukatwa kwa mara ya kwanza mwaka wa tatu au wa nne, na kisiki huchipua tena. Karafuu hudai miaka sita hivi au zaidi, lakini mti ukishashika huzaa kwa miongo mingi. Wakati wote huo ndizi hulipa ada ya shule.

Tuchukue mfano wa robo eka, yaani mita za mraba 1,000 hivi. Kwa nafasi ya mita mbili kwa mbili, itaingiza miti ya mdalasini kama 250. Kwa nafasi ya mita sita kwa sita, itaingiza mikarafuu 27 au 28 tu. Mwenye bustani ndogo anayetaka fedha ya karibu asijaze karafuu peke yake.

FAIDA INAPOPOTELEA

Uzoefu wa biashara ya viungo unaonyesha kwamba mkulima hupunjwa mahali pawili. Kwanza ni kuuza zao likiwa bichi au likiwa bado mtini. Kilo tatu hivi za karafuu au pilipili manga mbichi hutoa kilo moja kavu. Kwa hiyo mnunuzi akilipa, tuseme, shilingi 2,000 kwa kilo mbichi, amenunua kavu kwa shilingi 6,000. Mkulima apige hesabu hiyo kabla ya kusema ndiyo. Pili ni lumbesa. Gunia lililojazwa hadi kuota kichwa halina uzito unaojulikana, na sheria ya vipimo hailitambui. Dawa yake ni mizani.

Mfanyabiashara naye ana wajibu wake. Pilipili iliyoanikwa chini kwenye vumbi huota ukungu na hukataliwa na mnunuzi wa nje. Iliyoanikwa juu ya mkeka au chanja hadi unyevu ufikie asilimia 12 hivi hukaa ghalani bila kuharibika. Mdalasini uliomenywa wakati wa mvua, gome linapoachia kirahisi, na kukunjwa vizuri, hushinda kwa bei magome yaliyobanduliwa ovyo.

Pia asiweke mtaji wote katika kiungo kimoja. Vanila ilipita dola 500 kwa kilo katika soko la dunia mwaka 2003, baada ya kimbunga kuharibu mashamba ya Madagaska mwaka 2000. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa imeshuka chini ya dola 50. Waliopanda bei ikiwa juu walivuna bei ikiwa chini.

ARDHI NI YA NANI?

Swali la tatu ndilo husahauliwa na wageni. Kwa mila ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mwenye kulima mahindi msimu mmoja hagombwi, lakini anayepanda mti wa kudumu huonekana anadai ardhi yenyewe. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walipinga kwa nguvu amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, na hofu ya kuporwa ardhi ilikuwa miongoni mwa sababu. Mti wa karafuu utaishi kuliko makubaliano ya mdomo.

Kwa hiyo aanze na wazee wa ukoo, kisha serikali ya kijiji, na maandishi yafuate. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila kwa ajili hiyo. Aidha, asivuke mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008.

Kwa msomaji wetu mwenye mtaji mdogo, ushauri ni mfupi. Akipenda, apande urukususu katika chungu kimoja barazani kwa kujifunza. Fedha aipeleke katika mizani, mikeka ya kuanikia na miche ya mdalasini. Mwenye bustani Kinole hana haja ya kutafuta zao jipya kabla hajapata bei halali ya lile alilonalo.