Kulala au kusafiri: ubishi wa bao Utemini

Ubishi ulianzia kwenye kete ya tano.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, kata ya Utemini, Manispaa ya Singida, mwezi wa saba, upepo ukivuma kiasi cha kumlazimisha muuza kahawa kuziba jiko lake kwa kipande cha bati. Chini ya mwarobaini walikaa wawili. Upande mmoja alikuwa mzee aliyefanya kazi Tanga miaka mingi, akastaafu na kurudi nyumbani na begi moja na bao la mninga. Upande wa pili, kijana fundi pikipiki, mikono ina oili, bao amelijulia kijijini kwao kwa kuchimba vishimo ardhini. Sisi wengine tulisimama tukitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Kijana alikuwa amekula kete 5 za mzee. Akazisambaza kuanzia kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele, moja moja kila shimo, na ya tano ikaanguka ndani ya nyumba yake, ikakuta kete 13. Mkabala na nyumba, upande wa mzee, shimo lilikuwa tupu. Kijana hakusita. Akazoa zote 14, akaendelea: shimo la sita, la saba, la nane, akakata kona kwenda safu ya nyuma, akaipita yote, akarudi mbele. Ya mwisho ikatua shimo la tatu, mkabala na kete 2 za mzee. Akazila, akakenua.

“Umesafiri,” mzee akasema.

“Sijasafiri, mzee. Nimeendelea tu.”

“Nyumbani hakuna kuendelea, mwanangu. Nyumbani unalala au unasafiri. Na wewe umesafiri, kwa hiyo nyumba huna tena.”

Kijana akaangalia bao kana kwamba mtu ameondoa shimo moja. Kwao hakukuwa na nyumba.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi, na si ugomvi wa Utemini peke yake. Watu wengi wa bara wanacheza bao la kujifunza: mashimo 32, kete 64, mbili mbili kila shimo, mchezo unaanza. Kete yako ya mwisho ikiangukia penye kete na huna cha kula, unazoa na kuendelea, bila kuuliza. Bao la Kiswahili, lile la Unguja na pwani, lina ubao uleule na kete zilezile, ila linaanza na uwanja karibu mtupu. Kila mchezaji anaweka kete 6 katika nyumba, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake na mara nyingi huchongwa mraba ili lijulikane, kisha 2 na 2 katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Hizo ni 10. Zilizobaki 22 anazishika mkononi, na hatua ya kwanza ya mchezo, namua, ni kuziingiza uwanjani moja moja, moja kila zamu. Zikiisha mkononi ndipo wanaingia hatua ya pili, mtaji. Anayefungwa kabla ya hapo, kete bado ziko mkononi, siku hiyo asipite karibu na kijiwe.

Sasa nyumba. Maadamu hujaivunja na ina kete 6 au zaidi, nyumba ina haki ambazo shimo jingine halina. Ukiwa unatakata, yaani unacheza bila kula, kete yako ya mwisho ikiangukia nyumbani zamu yako imekwisha, umelala. Ukiwa unakula wakati wa namua, na ya mwisho ikaangukia nyumbani huku mkabala hakuna kitu, unachagua mwenyewe: unalala na hazina yako inabaki, au unazoa yote na kusafiri. Safari ni mara moja. Baada ya hapo shimo lile, hata likijaa kete 10 tena, ni shimo kama mengine. Kete ya mwisho ikiangukia humo na huna cha kula, utazoa utake usitake.

Nilipokuwa nikimsikiliza mzee akieleza haya, macho yalinikimbilia kwenye kibao cha duka lililo nyuma yake, lenye jina la kata. Utemini: mahali pa utemi. Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu Tanganyika. Watemi hawakupotea, walibaki na ng’ombe zao na heshima za mtaani, lakini walikuwa raia kama jirani zao. Jina likabaki kwenye ardhi. Bao nalo linaweka cheo kwenye shimo. Kete haina cheo. Katika bao hili la mzee, komwe ni 61, mbegu zile ngumu za kijivu zinazookotwa pwani, na 3 ni kokoto za hapa hapa Singida, zilizochukua nafasi ya komwe zilizopotea. Kokoto ikikaa nyumbani ni tajiri. Komwe ya Tanga ikikaa kwenye kimbi, yale mashimo mawili ya kila ncha ya safu ya mbele, iko hatarini kama kokoto yoyote.

Nasema haya kwa sababu huko Ulaya kuna jamii nzima ya michezo ya vita ya mezani inayokwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1913 H. G. Wells, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, cha kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi. Leo kuna michezo ambamo kila mtu anakuja na kikosi chake cha vijisanamu vichache alivyovipaka rangi kwa mkono, kila kimoja na jina lake, silaha yake na karatasi ya uwezo wake. Huyu anaruka ukuta, yule anaponya wenzake. Kwa hiyo maswali ya kanuni hayaishi: je, anayeruka akitua juu ya adui inahesabika ni shambulio? Wanabishana hadi usiku, wazazi na kazi zao. Nilipomsimulia mzee aliuliza swali moja tu: kijisanamu kikipigwa kinakwenda wapi? Nikamwambia kinaondolewa mezani. Akatikisa kichwa.

Kwenye bao hakuna anayeondolewa. Kete 5 alizokula kijana ziligeuka askari wake papo hapo, zikaingia kupitia kichwa cha safu yake, na zamu inayofuata zinaweza kurudi kwa mzee. Hesabu ni 64 asubuhi na 64 jioni. Kwa hiyo fundi wa bao hatunzi kikosi, maana hakuna kikosi cha kudumu. Anatunza nafasi.

Mzee ana mbinu mbili ambazo nimezitazama kwa majuma kadhaa. Ya kwanza inahusu safu ya nyuma. Mpinzani anakula safu ya mbele tu, ya nyuma haigusi. Mgeni akilijua hilo anafurahi, anasukuma kila kitu nyuma kama mtu anayeficha magunia ya alizeti bei ikishuka. Lakini bao linakwisha pale safu yako ya mbele inapobaki tupu, hata kama nyuma una kete 30. Mzee anamwachia mgeni ajaze ghala, kisha anaifagia mbele.

Ya pili ni ya hila zaidi, nami ilinichukua muda kuiona. Kula ni lazima. Ukiwa na cha kula, huruhusiwi kutakata. Tena ukila kutoka kwenye kimbi, huchagui upande: ni lazima uanze kusambaza kutoka kichwa cha ncha hiyohiyo. Basi mzee anaacha kete 3 au 4 mkabala na kimbi cha mpinzani, zimekaa kama zimesahauliwa, na anahakikisha hakuna kingine cha kula. Mpinzani anakula, hana njia. Anaanzia upande ambao mzee alishaupangia, na mkono wake unamalizia pale mzee alipotaka. Mtu anafurahi amekula, kumbe ametumwa.

Nyingine zipo, kama kutakatia, ambayo ndiyo kanuni inayovunja urafiki hatua ya mtaji. Kwa kifupi: nikitakata, nikakuacha huna cha kula, na zamu yangu ijayo nina shimo lako moja tu la kula, basi shimo hilo limetakatiwa, hulichezi. Isipokuwa likiwa ndiyo nyumba yako, au ndilo shimo pekee lenye kete safu yako ya mbele, au pekee lenye zaidi ya kete moja. Jaribu kuyasema hayo yote mbele ya watu wanane wenye kahawa mkononi na mmoja wao anafungwa.

Mholanzi Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kuwachunguza mafundi wa bao, akaandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 juu ya namna wanavyohesabu kichwani. Sijui angewaonaje wa kwetu hapa. Lakini kabla yake sana Muyaka bin Haji wa Mombasa alikwisha kulitia bao katika mashairi yake, akijua wasikilizaji wake wataelewa vita gani hasa anavisema. Na Mwalimu Nyerere alipenda kulicheza na wazee wenzake.

Turudi kwa fundi pikipiki. Alikuwa ameshikilia hoja moja, nayo haikuwa ya kipuuzi: safari ni uamuzi, na yeye hakuamua. Mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea ya kwao. Mtu anawezaje kusafiri bila kujua anasafiri? Mzee akajibu kwamba bao halisomi nia, linasoma mkono. Mmoja akasema arudishe zote 14. Mwingine akasema zikirudi hizo, na zile 2 zilizoliwa zirudi. Wa tatu akaleta habari za drafti, akanyamazishwa.

Huko Ulaya, Waprusi walikwisha kukutana na ugomvi wa kanuni kama huu zamani. Mwaka 1824 luteni Reisswitz alitoa mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, wenye ramani, vipande vya vikosi, dadu, majedwali na kitabu cha kanuni. Kanuni zikazidi kuwa nyingi hadi watu wakachoka, na mwaka 1876 jenerali Verdy du Vernois akashauri waache majedwali, aketi ofisa mmoja mwenye uzoefu, aamue kwa akili yake. Vita vya karatasi vikarudi mikononi mwa mzee mmoja kitini. Utemini tulikuwa na wetu tayari: muuza kahawa. Hachezi. Miaka yote anatazama tu, na hana upande kwa sababu pande zote zinanunua kahawa.

Aliulizwa. Akamalizia kwanza kumimina kikombe.

“Leo kabla hamjaanza, mlisema mnacheza lipi?”

Kijana akakiri kuwa mzee alisema la Kiswahili.

“Na nyumba alikuonyesha?”

“Alinionyesha. Ila nilidhani ni shimo la kuanzia tu.”

“Basi umesafiri. Zile 2 ulizokula ni zako. Nyumba imekwenda.” Kisha akamgeukia mzee: “Na wewe, mtu akikaribia nyumbani kwake mara ya kwanza, mwambie hodi.”

Watu wakacheka, mzee naye. Mimi naona hukumu ile ilikuwa sahihi kwa kanuni na sehemu ya pili ilikuwa sahihi kwa kijiwe, na ningepata shida kusema ipi ina uzito zaidi. Kanuni za bao hazikuandikwa kwenye sanduku la kununuliwa. Zimekaa vichwani mwa watu wanaohama na mizigo yao, kutoka Tanga kuja Singida, na zinapokutana na za mwingine inabidi mtu awepo wa kumimina kahawa katikati.

Mchezo ukaendelea, lakini kijana alikuwa ameshaumia mahali asipopaona. Zamu tatu baadaye kete yake ya mwisho iliangukia tena kwenye lile shimo la mraba, likiwa na 7. Akataka kulala. Mzee akamwonyesha kwa kidole tu. Ikabidi azoe na kuzipeleka, na nyingi kati ya hizo 8 zikaishia safu ya nyuma, mbele kukawa na upenyo. Mzee alikula upande wa kulia, akala wa kushoto, mkono ukizunguka kwa sauti ile ya mbegu juu ya mninga inayofanya hata wapita njia wapunguze mwendo. Alipoweka kete ya mwisho, safu ya mbele ya kijana ilikuwa nyeupe. Nyuma kulikuwa na kete 19 zimekaa, nzima, hazina kazi.

“Rudia,” kijana akasema. “La Kiswahili hilohilo.”

Jua lilikuwa limekaribia mawe makubwa upande wa ziwa Singidani. Mzee akaanza kuhesabu kete kabla ya kupanga upya, kama anavyofanya siku zote, akizitia nne nne kwenye kofia yake. Zikawa 63. Tukainama chini ya benchi, mtu akawasha tochi ya simu, fundi akakung’uta ovaroli lake. Hakuna kitu. Mzee akapapasa mchanga pembeni ya mguu wake, akaokota kokoto, akaipuliza vumbi, akaitazama kidogo kwenye mwanga, akaitia kofiani.

“Panga,” akamwambia kijana.

Kijana akachagua kete 6 za nyumba. Kokoto mpya ilikuwa ya kwanza.