Washenga wa Wakubwa

Ndoa zetu zote hutanguliwa na mshenga. Watu wakija kula pilau, mambo yamekwisha zamani: mahari imetajwa, siku imekubaliwa, hata nani akae karibu na shehe imeshasemwa. Mikutano ya marais nayo ni vivyo hivyo.

Tarehe 22 na 23 Novemba 2025 wakuu wa G20 walikutana Nasrec, upande huu huu wa kusini wa Johannesburg tunaokaa sisi wa La Rochelle. Ulikuwa mkutano wao wa kwanza barani Afrika. Vijana walitazama misafara ya magari. Mimi nilivutiwa na wale wasiopigiwa ving'ora, waitwao sherpa. Jina limetoka kwa Washerpa wa Nepal, waongozao njia na kubeba mizigo ya wapanda milima ya Himalaya. Wa Afrika Kusini alikuwa Zane Dangor, mkurugenzi mkuu wa wizara ya mambo ya nje.

Kazi yao ni kuipitia rasimu ya azimio neno kwa neno, hata mkubwa akifika pasibaki la kugombania. Mwalimu wa sarufi angewaonea huruma, maana nukta moja yaweza kuwakesha. Mathalan, New Delhi mwaka 2023, Amitabh Kant, sherpa wa India, alieleza kwamba maneno juu ya vita vya Ukraine yalichukua saa zaidi ya 200, vikao 300 na rasimu 15. Huko ndiko Umoja wa Afrika ulikokaribishwa kuwa mwanachama.

Hapa Johannesburg ilikuwa ngumu zaidi. Marekani ilisusa, ikapinga azimio lolote litolewe bila yake. Masherpa waliobaki walikubaliana juu ya maandishi Ijumaa, na Jumamosi viongozi wakayapitisha mwanzoni kabisa mwa kikao, jambo ambalo aghalabu hufanywa mwishoni. Kwa maoni yangu ulikuwa werevu mkubwa: mshenga ajuaye kuna mjomba mwenye kinyongo husomesha khutuba mapema. Hata kukabidhi uenyekiti kulizua ubishi, kwani Afrika Kusini ilikataa Rais Ramaphosa amkabidhi kaimu balozi.

Ndani ya azimio hilo mna sentensi inayotaka amani ya haki na ya kudumu Sudan, Kongo, Palestina na Ukraine. Kwa mtaa wetu si neno dogo. Majirani wengi wana wazazi Goma, iliyotwaliwa na M23 Januari 2025, na Bukavu, iliyofuata Februari. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sentensi moja itatusaidia nini?"

Nilimkumbusha Sun City, katika nchi hii hii, ambako Wakongo walijadiliana chini ya Ketumile Masire wa Botswana hadi wakatia saini Aprili 2003. Ikapatikana serikali ya mpito, na uchaguzi mwaka 2006. Akanijibu kwamba mwaka ule wa uchaguzi kwao kijijini risasi hazikunyamaza. Ni kweli, sikuwa na la kupinga.

Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington, mbele ya kamera, mapatano yaliyoandaliwa na washenga miezi mingi. Haikupita wiki moja M23 wakaingia Uvira.