Jino lililovimba halitibiwi dukani

JINO linapouma usiku kucha, wakazi wengi wa Kisii na Nyamira hukimbilia duka la dawa kunapokucha. Humeza vidonge, na maumivu yakipoa, safari ya kwenda kwa daktari wa meno huahirishwa. Kumbe ugonjwa wenyewe ungali pale pale.

Jino huoza bakteria wa mdomoni wanapogeuza sukari kuwa asidi inayolitoboa. Tundu likifika kwenye kiini chenye mishipa ya damu na neva, viini hupenya hadi mzizini na usaha hukusanyika. Antibayotiki zaweza kupunguza uvimbe, lakini haziwezi kufika ipasavyo ndani ya jino lililokufa. Chanzo huondolewa kwa kuling'oa, au kwa kusafisha na kuziba mzizi wake.

Wapo wanaoamini kwamba jino haling'olewi hadi uvimbe uishe. Imani hii huwachelewesha wagonjwa. Ni kweli kwamba ganzi hufanya kazi kwa shida penye usaha, ila daktari aweza kuidunga mbali na uvimbe. Aidha, kung'oa mapema hufungua njia ya usaha kutoka.

Hatari kuu ni uvimbe unaoenea chini ya ulimi na shingoni, kwa kuwa waweza kuziba njia ya hewa. Mgonjwa anayeshindwa kufungua mdomo, kumeza mate au kupumua vyema apelekwe hospitalini mara moja, iwe ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au ile ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Asipelekwe kwa wang'oaji wa mitaani, ambao hawana leseni wala vifaa vilivyotakaswa.

Kabla ya kung'olewa, mweleze daktari iwapo una kisukari, una mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Baadaye, uma pamba uliyopewa kwa muda wa nusu saa. Usivute sigara wala kusukutua siku hiyo. Kesho yake sukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Damu isipokoma, au maumivu yakizidi baada ya siku tatu, rudi kwa daktari.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Jino nalo ni vivyo hivyo.