Spika za redio nyumbani na masikio yetu

Mwaka 1973 wananchi wengi wa Tanzania walijiunga katika vikundi kusikiliza vipindi vya "Mtu ni Afya". Kikundi kizima kilikuwa na redio moja. Watu waliisogelea, wakasikia. Siku hizi hapa Chonyonyo zipo nyumba zenye spika sebuleni, na redio husikika mpaka kwenye migomba.

Sauti hupungua mtu anapokwenda mbali. Nje hupotea upesi zaidi, kwa sababu hakuna kuta za kuirudisha. Kwa hiyo baba aliye uani huagiza redio ifunguliwe mpaka mwisho. Yeye husikia vizuri. Lakini mtoto amelala sebuleni, hatua moja tu kutoka kwenye spika!

Ndani kabisa ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huviua, na havioti tena. Dawa ya kuvirudisha sina, na hospitali kubwa pia hazina.

Afadhali kuwa na spika ndogo mbili, kila moja karibu na wasikilizaji wake, zote kwa sauti ya chini. Ya nje itundikwe upenuni isinyeshewe, ielekee uani kwako, si kwa jirani. Ya ndani izimwe mtoto akilala.

Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, punguza redio.

Na mtoto asiyeitika akiitwa, msimpige mkidhani ni mkaidi. Mleteni zahanati tumtazame masikio.